Kuwatunza Waliosalia Baada ya Mauaji

Somo kwa walimu na wazee wa sharika za Musoma, Bunda na Butiama

Tumeulizwa na baadhi ya walimu swali lisilojibika kwa maneno machache: Watu wengi wakiuawa mahali pamoja, kwa siku moja au usiku mmoja, usharika una kazi gani zaidi ya kuzika? Maana kuzika twajua. Tuna taratibu za ibada, tuna nyimbo, tuna kina mama wa kupika na vijana wa kuchimba kaburi. Lakini kaburi likiisha kufukiwa, wapo waliosalia, nao ndio tunaowasemea katika somo hili.

Neno hili si geni katika Mara. Mwezi wa Februari mwaka 2010, watu wenye mapanga waliingia usiku katika nyumba za ukoo mmoja huko Mugaranjabo, Buhare, karibu na mji wa Musoma, wakaua watu 17. Habari zilizotolewa wakati ule zilitaja kisasi juu ya mambo ya wizi wa ng'ombe. Tena twajua jinsi vikongwe wa nchi za Ziwa walivyouawa kwa kusingiziwa uchawi, na jinsi koo za upande wa Tarime zilivyopigana kwa ajili ya mifugo na mipaka. Hatuandiki haya ili kutonesha kidonda cha mtu. Twaandika kwa kuwa jambo lililotokea jirani laweza kutokea tena, na siku ya kutokea kwake si siku ya kuanza kujifunza.

Tuseme neno letu tangu mwanzo. Baada ya mauaji ya namna hii, taabu kubwa mara nyingi si uchache wa wasaidizi, bali ni wingi wao usio na utaratibu katika juma la kwanza, na kutoonekana kwao kabisa katika mwezi wa tatu.

Hebu tufikiri jinsi mambo yanavyokwenda. Asubuhi polisi wanafika, nao wana haki ya kufika, maana ushahidi hauna budi kukusanywa. Mkuu wa Wilaya anakuja na watu wake. Gari la hospitali linawachukua majeruhi. Wamenoni wanakuja, Wakatoliki wanakuja, Waanglikana na ndugu wa AIC wanakuja, na sisi tunakuja. Waandishi wa habari wanakuja, na wakubwa wa siasa, na jamaa kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Kila mmoja anamkuta mtoto yule aliyejificha chini ya kitanda akapona, na kila mmoja, kwa huruma yake, anamwuliza, "Mwanangu, uliona nini?" Hata jua likichwa, mtoto amekwisha kuyasimulia mauaji ya mama yake mara saba kwa watu saba, na hakuna hata mmoja wao atakayelala naye usiku ule. Siku ya tatu unga na sukari vimejaa uani hata vinanyeshewa mvua. Baada ya majuma matatu bibi wa mtoto huyo anakwenda kukopa unga dukani. Kati ya watu hao wote hakuna aliyekosa upendo. Waliokosa ni watu wa kuketi pamoja na kuulizana, nani aende kwa nani, na nani abaki.

Kabla ya kusema juu ya baraza hilo, yatupasa kujua mtu huwaje akiisha kuona mauaji. Katika siku za kwanza wengine hupigwa na bumbuazi, wakatazama bila kulia, hata watu husema, "Huyu hana uchungu." Wengine hutetemeka, moyo huwadunda, hawali, hawalali, na wakilala hushikwa na majinamizi. Mlango ukibamizwa huruka. Watoto wadogo waliokwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Wengine hujilaumu kwa kuwa hai. Haya yote yanatisha kuyatazama, walakini kwa wengi si ugonjwa. Ni mwili na moyo kufanya kazi ya kujilinda, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita, ikiwa mtu yuko mahali pa salama, kati ya watu wake, naye anakula na kulala. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019 juu ya nchi zilizopatwa na vita katika miaka 10 iliyotangulia: katika kila watu 5, mtu 1 hivi alikuwa na ugonjwa wa akili, mkubwa au mdogo. Huyo mmoja asisahauliwe. Lakini wale wanne nao wasitendewe kama wagonjwa, maana wanahitaji blanketi, jirani, habari za kweli, na mtu wa kuwalindia ng'ombe.

Hapa kuna makosa mawili ambayo zamani hata wataalamu waliyafanya kwa nia njema. La kwanza ni kuwakusanya watu mara moja na kuwahimiza, kila mmoja kwa zamu, watoe nje yote waliyoyaona, ati wakiyatoa watapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba jambo hilo haliwaponyi watu, na wengine huwaumiza. Sasa Shirika la Afya Duniani halishauri kulifanya. La pili ni kuwapa dawa za kulazia. Mwaka 2013 shirika hilo liliwaonya waganga wasiwape waliofiwa wala walioona msiba dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya huzuni na fadhaa za mwezi wa kwanza. Basi jamaa wa mbali akija na vidonge mfukoni kwa ajili ya "kumtuliza mama", mzee wa usharika na amwambie kwa adabu kwamba vidonge ni kazi ya mganga wa hospitali.

Kitu kinachoshauriwa badala yake kimewekwa katika kitabu kidogo cha mwaka 2011 juu ya huduma ya kwanza ya moyo, nacho chaweza kushikwa na mtu ye yote kwa maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama pana hatari bado, na ni nani aliye katika hali mbaya kuliko wengine. Sikiliza bila kudadisi: akitaka kusema aseme, akinyamaza kaa naye. Unganisha, maana yake mpeleke kwa jamaa zake, kwa chakula, kwa habari, kwa mganga, kwa mtu atakayekuwapo kesho. Wazee wetu hawakukosa elimu hii. Kukaa msibani ukutani, kimya, siku nzima, bila neno ila "pole", ni kazi. Rafiki za Ayubu nao waliifanya vema kwa siku 7. Waliharibu walipofungua vinywa kueleza sababu. Nasi twawasihi wahubiri wa mazishi jambo moja: wasieleze sababu. Mama aliyeondolewa wanawe kwa panga hahitaji kuambiwa siku hiyo kwamba Mungu alipanga hivyo.

Sasa twende kwenye baraza. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine ya misaada yalitoa mwongozo juu ya kutunza mioyo ya watu wakati wa maafa. Wanaufananisha na ngazi nne. Chini kabisa, kwa ajili ya watu wote, ni usalama, chakula, maji na mahali pa kulala, navyo vitolewe kwa heshima. Juu yake ni jamaa na jumuiya: kuwakutanisha waliopotezana, kuomboleza kwa desturi, kuwarudisha watoto shuleni. Ya tatu ni ya watu wachache zaidi wanaohitaji mtu aliyefundishwa kidogo awatembelee mara kwa mara. Ya nne ni ya wagonjwa, kazi ya waganga. Mkisoma vizuri mtaona kwamba nguvu ya usharika iko katika ngazi ya pili, na kwa sehemu katika ya kwanza na ya tatu. Ya nne si yetu. Ushindani wa makanisa, na wa mashirika pia, huja pale kila mmoja anapotaka kushika ngazi zote nne.

Kwa sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 ziko kamati tangu mkoa mpaka kijiji. Tusianzishe baraza letu pembeni mwa la serikali; twende tuketi lilipo, tupeleke mtu mmoja anayejulikana, wala si kila usharika na mjumbe wake. Katika baraza hilo wapatikane: mwenyekiti wa kijiji au mtaa, Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mtu wa Mganga Mkuu wa Wilaya, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, wahudumu wa afya wa kijiji, na wajumbe wa makanisa na msikiti. Tena awepo mtu wa ukoo uliopatwa, maana si haki watu kupangiwa mambo kana kwamba wao ndio marehemu. Likutane kila jioni katika juma la kwanza, hata kama ni kwa nusu saa chini ya mwembe.

Na kazi yake ya kwanza iwe daftari. Twasisitiza jambo hili kuliko yote, ijapokuwa laonekana dogo. Liwe daftari moja, si saba, litunzwe na Ofisa Ustawi au mtu aliyemchagua. Ndani yake liandikwe jina la kila aliyesalia, anakolala sasa, nani anayemtembelea, na siku ya kurudi. Wala yasiandikwe humo masimulizi ya mauaji, kwani daftari huweza kuibwa na shahidi akadhuriwa. Mtoto akihitajika kutoa ushahidi, aulizwe na mtu mmoja aliyefundishwa, mara moja, akiwa na mtu anayemwamini. Sisi wengine tusimwulize kitu. Rambirambi nazo ziwe na daftari lake na sahihi za watu wawili. Twajua sote ya kuwa fedha za msiba zimegombanisha ndugu waliokuwa wamesaliana peke yao duniani.

Liwe na mahali pamoja pa kupata habari. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa huko Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Maiti zilipelekwa Nairobi, Chiromo. Na wanafunzi waliopona walisafirishwa kwa mabasi mpaka Uwanja wa Nyayo, ambako jamaa walikuwa wakiwangojea. Msalaba Mwekundu wa Kenya uliweka washauri pande zote mbili. Mzazi alijua pa kwenda kuuliza, na alipojibiwa, hata jibu likiwa la kuua moyo, palikuwa na mtu wa kumshika mkono. Kijijini kwetu uwanja hauhitajiki. Darasa moja la shule latosha, na ubao ulioandikwa majina ya waliolazwa na hospitali walizolazwa. Vijana wetu nao waonywe vikali juu ya simu zao. Picha ya maiti ikiisha kutumwa hairudi, na yatima ataikuta miaka kumi baadaye.

Sasa, nani aende kwa nani? Wa kwanza kufikiriwa ni wafiwa na majeruhi, na hao hawasahauliwi. Twataka kuwakumbusha juu ya wale wasiofikiriwa. Wapo vijana waliobeba maiti na kina mama waliowaosha. Yupo muuguzi wa zahanati aliyepokea majeruhi peke yake usiku, na polisi kijana aliyehesabu miili. Yupo jirani aliyesikia yowe akaogopa kutoka, naye labda amekuwa na mzigo mzito kuliko wote, maana hana mtu wa kumwambia. Watu hao hawaji wenyewe. Mwalimu wa usharika na awaendee kwa jina, mmoja mmoja, bila kuwauliza kwa nini.

Tena wapo wengine, na hapa twajua kwamba wasomaji wengine watakunja uso. Nao ni jamaa za wale waliotuhumiwa. Katika Mara ukoo wa muuaji na ukoo wa aliyeuawa mara nyingi huchota maji kisima kimoja, na yawezekana wakaimba katika kwaya moja. Mke wa mtuhumiwa amekimbia usiku na watoto wake, nyumba imechomwa, na shuleni mtoto wake wa darasa la pili anaitwa jina la kosa la baba. Usharika usipomtembelea, nani atakwenda? Wala msidhani kwamba ni neno la huruma tu. Kisasi hakianzi panga linapoinuliwa. Huanza moyoni mwa kijana asiyelala, anayeambiwa kila siku na marafiki kwamba mwanamume halisi hangekaa kimya, tena anayekunywa gongo ili usiku upite. Kumtunza kijana huyo mapema, kumpa mtu wa kukaa naye na kazi ya mikono, ni kuzuia msiba wa pili. Kwa sababu hiyo wapelekwe wageni tofauti pande hizi mbili, wasije wakadhaniwa kuwa wapelelezi. Na yule anayetembelea upande mmoja asibebe maneno kwenda upande wa pili.

Kijana akimwambia mwalimu, "Nitawaua, nami najua lini," hapo mwalimu afanyeje? Asimwahidi tangu mwanzo siri asiyoweza kuitunza. Amwambie wazi: yote utakayoniambia nitayaficha, ila likiwa neno la kuhatarisha roho yako au roho ya mwingine, sitaweza kunyamaza. Wako wanaosema kwamba kusema hivyo kutawafunga watu vinywa. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayemwambia mwingine habari ya namna hiyo, mara nyingi anaomba kuzuiwa.

Juu ya upatanisho, twaona kwamba watu huufanyia haraka. Mikono hushikanishwa mbele ya wakubwa kabla damu haijakauka, picha hupigwa, na kila mtu hurudi kwake na chuki yake. Ndugu zetu wa Rwanda walipita njia ndefu zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 makundi makubwa ya wakimbizi walivuka Rusumo wakaingia Ngara, na shirika letu la TCRS lilikuwa kati ya waliowahudumia makambini. Lakini kazi ya mioyo kwa wale waliobaki au kurudi ilichukua miaka. Mwaka 2005, katika dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, yalianza makundi ya majirani 10 hadi 15, waliokutana mara moja kwa juma kwa majuma 15. Katika makundi hayo waliketi wajane, waliotoka gerezani, na wake wa wafungwa. Hawakuanza na habari za mauaji. Walianza na usalama wa kuketi chumba kimoja, kisha kuaminiana, kisha kujaliana, kisha heshima. Kumbukumbu za mambo mabaya zilingoja zamu yake. Kazi hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Mvura Nkuvure, yaani uniponye nikuponye. Tazameni hesabu hiyo: miaka 11 tangu mauaji mpaka kundi la kwanza, na majuma 15 kwa kila kundi. Wala mahakama haikuondolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Upatanisho usiosubiri haki huwaambia waliosalia kwamba wafu wao hawakuwa kitu.

Yatupasa pia kujua ni nani apelekwe hospitali, na lini. Mtu asemaye kwamba atajiua, au aliyejaribu, apelekwe leo, wala asiachwe peke yake hata kidogo. Vivyo hivyo mtu aliyepotewa na akili, asikiaye sauti, asiyekula wala kunywa, na mama asiyemtazama mtoto wake mchanga. Lakini mtu ambaye baada ya mwezi mmoja bado anayaona mauaji kana kwamba yanatendeka sasa, asiyeweza kulima wala kufanya biashara, aonwe naye na waganga, bila aibu. Mkoani petu iko Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere huko Kwangwa. Nchi nzima inayo Mirembe, Dodoma. Nasi Walutheri hatuna sababu ya kudharau kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili. Basi mwenye kumfunga mgonjwa kamba na kumpeleka kwa nabii wa kumpiga pepo, hafuati desturi ya kanisa hili.

Watoto warudi shuleni mapema, hata kabla hawajaweza kusoma vizuri. Kengele, mstari na mpira vina dawa ndani yake. Walale na mtu wanayemjua, na ndugu wa tumbo moja wasigawanywe kwa wajomba watatu kwa sababu tu ya wepesi wa kuwalisha. Ikionekana mtoto anateswa au anafichwa, simu ya watoto namba 116 haitozwi kitu.

Kisha uje mwezi wa tatu, wakati magari yamekwisha kuondoka. Daftari lile lifunguliwe. Wazee wa usharika wapitie majina, waulize ni nani hajatembelewa, nani amehama, nani ameanza kunywa. Wafanye hivyo tena mwezi wa sita, na kabla ya siku ile kutimiza mwaka, maana maumivu huijua kalenda. Na kesi itakaposomwa mahakamani waliosalia wasiende peke yao. Mwalimu anayetembelea naye apewe mwenzake, wala asipewe nyumba nyingi kuliko nne au tano. Na akianza kuota yeye yale aliyosimuliwa, apumzishwe kwa majuma machache, mwingine ashike zamu.

Maswali ya kuzungumza katika darasa la wazee: Katika kijiji chetu, baraza la maafa ni watu gani, na je, wanatujua? Kama usiku huu wangeuawa watu kumi mtaani petu, daftari lingetunzwa na nani, na chumba cha habari kingekuwa wapi? Ni nani kati yetu angekubalika kuingia katika nyumba ya mtuhumiwa? Na yule jirani aliyesikia yowe asitoke, tungemwambia nini tukiketi naye?